Wawili Waliocheza Karata Mawinguni

Ndugu zangu, najua humu ndani wapo ambao nikitaja karata tu wanakunja uso. Kunjueni. Siwaletei habari za kamari. Nawaletea habari za watu wawili waliocheza ili siku ipite, mahali ambapo siku ilikuwa ndefu na watu hakuna.

Palikuwa na kituo cha kupima hali ya hewa juu ya mlima mmoja, juu kabisa, ambako mawingu hayapiti angani, yanapita mlangoni. Ukifungua dirisha, ukungu unaingia kama mgeni aliyeizoea nyumba, unaizunguka meza, unalowesha daftari, kisha unatoka zake bila kuaga. Watumishi walikuwa wawili: mkuu wa kituo, mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, na msaidizi wake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyemwacha mke wake bondeni. Kila baada ya saa tatu walisoma vipimo vya mvua, joto na upepo, wakavituma mjini kwa redio. Katikati ya hapo ni ukimya mtupu, mweupe. Ndipo karata zilipotolewa.

Msaidizi alikuwa akishindwa. Alishindwa Jumatatu, akashindwa Alhamisi, mpaka akaacha kuhesabu. Alizikodolea macho karata zake mwenyewe, akiona mbili, tatu na nne, akaamini kabisa kwamba mwenzake hupewa ree na turufu kila zinapogawanywa. Mkuu naye alikuwa na vituko vyake. Karata zake alizisogeza mpaka puani, utadhani anazinusa. Tena aliweka sharti kwamba ukitupa karata, uitaje: saba ya kopa, tatu ya shupaza. Msaidizi aliona ni ukaidi wa uzee, akatii.

Mnajua lakini, mtu akiona mchezo haumwendei, huanza kudhani na maisha yamemfanyia hila. Msaidizi alikuwa ameomba uhamisho mara mbili, kimya. Wenzake aliosoma nao walikuwa mjini, wakipanda vyeo. Na mkuu huyu, siku hizi, hata kutoka nje kusoma vyombo alikuwa ameacha. Mvua ikinyesha, atasema, nenda kasome wewe, uje unitajie. Msaidizi akirudi ameloa chapachapa, anaambiwa aandike pia.

Basi alasiri moja, ukungu umejaa chumbani hata ukuta wa pili hauonekani, akakaa akaandika barua kwa makao makuu. Aliandika kwamba mkuu ni mvivu, kazi zote anafanya yeye, na mwenzake kazi yake ni karata. Akamkabidhi mchukuzi aliyewapandishia chakula. Kisha akarudi mezani, akacheza naye, akashindwa tena.

Safari hii hakuweza kujizuia.

"Mzee, wewe unapewa karata nzuri kila siku. Inawezekanaje?"

Mkuu akazilaza wazi zile zilizobaki mkononi. Mbili, tano, sita. Turufu hata moja.

"Wewe unatazama za kwako tu, mwenzangu," alisema. "Mimi nazisikiliza zote zinazoanguka."

Nazisikiliza. Neno lile lilimkaa msaidizi kichwani kama ndoto ambayo mtu ameusahau mwanzo wake.

Wiki mbili baadaye mkaguzi akapanda mlima. Alisema zimefika barua mbili kuhusu kituo hiki, akaziweka mezani, akawaambia wazisome wenyewe kwa wenyewe, naye akatoka kwenda kukagua vyombo. Mkuu akazisukuma zote mbili upande wa pili.

"Nisomee wewe. Alama kubwa za karata naziona. Mwandiko siuoni tena."

Msaidizi akaifungua ya kwanza. Ilikuwa ya mkuu mwenyewe. Aliitamka redioni siku moja ambapo msaidizi yuko nje mvuani, karani wa mjini akaiandika. Ilisema kwamba macho yake yamefifia mwaka mzima, na kwamba kazi ya kituo imebebwa na mtu mmoja ambaye hajawahi kumdanganya hata tarakimu moja. Aliomba kwamba yeye akiondoka, kituo akabidhiwe mtu huyo.

Ya pili msaidizi hakuhitaji kuifungua. Mwandiko wa juu ya bahasha ulikuwa wake.

Sasa niambieni, ungefanya nini? Mwenzako haoni. Mkaguzi yuko nje. Unaweza kutunga barua nzuri papo hapo, na aliye mbele yako akaamini kila neno. Msaidizi aliikunjua ile karatasi, akaisoma yote. Hata neno "mvivu" hakuliruka.

Wingu likaingia, likatoka. Mkuu akauliza, "Umesoma kama ilivyoandikwa?"

"Kama ilivyoandikwa, mzee."

"Basi yangu nayo ibaki ilivyo. Nilikuficha kwa kuwa niliogopa kurudishwa nyumbani kama chombo kilichovunjika. Ungejuaje?"

Siku ya tatu walishuka pamoja, mkuu akipelekwa hospitali ya macho, msaidizi akimshika mkono kwenye mteremko, saa mbili nzima, mpaka barabarani. Kisha akapanda peke yake kwenda kushika kituo alichokuwa ameomba kukihama, na wanasema njia nzima alilia.

Ndugu zangu, mzee yule alimhurumia mwenzake akasema, ungejuaje. Mimi leo sina huruma hiyo. Alikaa naye meza moja mwaka mzima! Kipofu hakuwa yule mzee. Na sisi je? Tunalalamikia tulichogawiwa, cheo, mshahara, mahali pa kazi, huku tukiwaandikia wenzetu barua mioyoni, barua ambazo hatungethubutu kuwasomea usoni.

Kuna mtu amekaa kulia kwako sasa hivi. Sauti yake ya kuimba unaijua, na makosa yake yote unayajua. Tukitoka hapa, kabla hujafika getini, mwulize anaendeleaje. Ukishamwuliza, nyamaza mpaka ajibu.