Zimwi Lisilonawa Miguu

Mmekaa? Sogeeni basi, njiani kuna zimwi.

Zimwi Mdondo lilibeba ugonjwa nyayoni. Kila banda lililokanyaga, kuku walipinda shingo wakafa. Nyamizi alibakiwa na kuku watatu, waliompa mwanawe mayai. Akaweka beseni la maji ya majivu mlangoni: kila anayeingia anawe miguu. Majirani wakamcheka. Mama mkwe wake, Bi Kabula, hakucheka. Kila akija alivua ndala, akanawa, akasema, "Nalinda mayai ya mjukuu wangu."

Zimwi likaja kwa sura ya mchuuzi. "Nawa miguu!" Nyamizi akaliambia. Likakataa, likaondoka. Likaja kwa sura ya jirani. "Nawa miguu!" Likaondoka. Mara ya tatu likaja kwa sura ya Bi Kabula.

Nyamizi akapiga magoti palepale mlangoni. "Shikamoo, mama. Nawa miguu."

"Unaniamuru mimi, mkweo? Sinawi! Nipishe!"

Nyamizi akasimama. "Sipishi! Mama yangu hunawa bila kuambiwa. Wewe ni nani?"

Akalimwagia beseni zima. Zimwi likayeyuka, yakabaki manyoya, akayachoma.

Hadithi imeishia mlangoni. Beseni lile bado lipo. Ukija, vua ndala.