Aliyemfundisha Mjusi Kuitikia kwa Kichwa

Mnacheka mkimwona mama wa ukoo wetu amempakata mtoto mbele ya ukuta wa mawe, bakuli mkononi, akimsemesha mjusi. Chekeni tu, lakini masikio myaache wazi. Jambo hilo lina asili yake, na lilianzia hapa kwetu, si kwingine.

Wakati mababu zetu walipokuwa wageni katika milima hii, mjusi wa mawe alikuwa na shingo iliyokakamaa kama mwiko. Kichwa chake kilikuwa cha kijivu sawa na mwili wake. Alijinyoosha juani bila kumwitikia mtu, na watu nao walimtupia mawe kila walipomwona. Hakuna aliyemtaka uani kwake.

Enzi hizo, mtoto aliyekataa chakula alikuwa na dawa moja tu, nayo ni kiganja. Alilazwa mapajani, akabanwa pua, kisha kiganja kilichojaa uji kikafunika mdomo wake, ameze au apaliwe. Wengi walimeza. Wako waliopaliwa, na hao hawakukua tukawajua.

Basi palikuwa na mama kijana, Nakijwa, mke wa Mbonea, aliyekuwa na mtoto mmoja tu, Mrindoko. Mtoto huyo alipoachishwa ziwa, alifunga mdomo. Uji hataki, ndizi hataki, hata maziwa ya mbuzi aliyageuzia uso. Mbavu zikaanza kuonekana. Mama mkwe wake Nakijwa, Bibi Namvumo, ndiye aliyekuwa akiitwa na kijiji kizima kulisha watoto kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mjukuu wake, na hakuijua njia nyingine. Lakini Nakijwa alikuwa amemwona mtoto wa jirani akipaliwa mikononi mwa mama yake mzazi, asipumue tena, na tangu hapo kiganja alikiogopa kuliko njaa.

"Mwanangu, huruma yako itatuzikia mtoto," Namvumo akamwambia. "Nakuachia mpaka siku ya gulio. Asipokula, nitamlisha mimi."

Asubuhi iliyofuata Nakijwa alitoka na mtoto kwenda kuota jua karibu na ukuta wa zizi. Mjusi akachomoza, akakimbia kidogo, akasimama, akakimbia tena. Mrindoko akamkodolea macho, na mdomo ukaachama wenyewe. Nakijwa hakungoja kuambiwa. Alipenyeza kijiko cha uji, na mtoto akameza bila kujua kwamba amemeza. Mjusi alipoingia kwenye ufa wake, mdomo ukafungwa. Alipotoka, ukafunguka. Nakijwa alilia kwa furaha pale pale, na akaapa kwamba hakuna jiwe litakalomgusa mjusi yule, na nzi wote wanaofuata uji watakuwa wake. Siku chache zilipita hivyo. Mtoto alikula kiasi, ingawa mbavu bado zilihesabika.

Siku ya gulio ikafika, nao ukungu ukashuka mlimani tangu alfajiri. Mjusi ni mtu wa jua. Hakutoka. Namvumo alikuja amekwisha kunawa mikono, akaketi, akanyoosha miguu, akasema, "Nipe mtoto." Wanawake waliokuwa njiani kwenda gulioni wakatua mizigo yao watazame.

Nakijwa akamlaza Mrindoko mapajani mwa bibi yake, kisha akamkabidhi bibi huyo kijiko. "Mama, nakuomba. Akifungua mdomo, mpe kwa hiki. Kiganja kiache kwanza."

Halafu akafanya jambo ambalo mkwe hafanyi mbele ya mama mkwe wake, sembuse mbele ya watu wa gulio. Alipanda juu ya ukuta wa zizi, akalala kifudifudi, akajiinua kwa mikono, akaanza kuinamisha kichwa na kukiinua, kuinamisha na kukiinua, huku akisema, "Ndiyo, uji mtamu. Ndiyo, uji mtamu." Wanawake waliangua kicheko. Mmoja alisema mke wa Mbonea amerukwa na akili. Shingo ikamuuma, mawe yakamchuna viwiko, naye hakuacha.

Mrindoko alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, meno yake machache yakaonekana, na mkono wa Namvumo ukapeleka kijiko. Akameza. Kikaenda kingine, na kingine, mpaka bakuli likakwanguliwa. Namvumo akakitazama kiganja chake, akakifuta kwa nguo yake, na maisha yake yote yaliyobaki alikitumia kupigia makofi watoto wanaokula.

Mjusi alikuwa akichungulia kutoka kwenye ufa, na alitahayari kuona binadamu ameifanya kazi yake kumshinda. Jua lilipotoka siku ya pili, alikuja mwenyewe ukutani, akaivunja shingo yake ngumu, akaitikia kwa kichwa kama alivyomwona Nakijwa. Mrindoko alifurahi hata akanyakua kijiko, akamlisha mjusi naye. Ulikuwa uji wa mtama mwekundu, nao ukammwagikia mjusi kichwani. Mjusi hakujifuta. Mke wake alikuwa amekwenda kutaga mayai siku hiyo, ndiyo maana yeye hana nembo hiyo mpaka leo.

Na tangu siku hiyo mjusi dume wa mawe ana kichwa chekundu, na akikaa ukutani huitikia bila kuulizwa. Kwetu hapigwi jiwe. Mtu akikuambia kwamba mama zetu walijifunza mchezo huo kwa mjusi, mkatalie. Mjusi ndiye aliyejifunza kwa mama yetu, na sisi ni wajukuu wa mama huyo.

Leo kuna ukungu, na mjukuu wangu huyu amefunga mdomo tangu asubuhi. Mimi magoti yangu hayapandi ukuta. Baba mtoto, unangoja nini? Panda, kijiko ninacho mimi.