Mjusi Aliyeitikia Shikamoo

Sogeeni karibu. Mwenye muwa mdomoni ateme kapi kwanza, maana hadithi hii ina swali mkiani na sitaki kujibiwa na mtu anayetafuna.

Palikuwa na watu watatu waliomfundisha adabu mjusi. Wa kwanza ni Fundi Nandonde. Kukifanya chuma kikimbie si kazi, kila gereji wanaweza, lakini Nandonde alijua kukifanya kiende taratibu. Wa pili ni Bi Somoe, fundi cherehani wa sare za shule, aliyeweza kushona kitu chochote duniani na usiuone mshono. Wa tatu ni Mwalimu Mfaume, aliyefundisha madrasa nusu ya mji wa Lindi, mwenye sauti nzito iliyokuwa ikiingia mlangoni kabla yake. Na yuko wa nne, Asumini, ambaye hakuwa na kipaji chochote ila malezi. Huyu ndiye aliyeachiwa kuamua, nami namwonea huruma mpaka leo.

Baba yake Asumini, Mzee Nampoto, alikuwa na bustani ya michezo nje kidogo ya mji. Palikuwa na pembea, treni ndogo ya watoto, na njia ya kupita kwa miguu kati ya mikorosho, ambako ungekutana na mijusi wa kale. Kwetu hatusemi dainosaria. Mifupa ya yule mkubwa ilichimbwa Tendaguru na kupakiwa melini kwenda Ujerumani zamani za Mjerumani, na tangu hapo watu wanamwita mjusi tu, kama jirani aliyehamia mbali. Mzee Nampoto alisema kama mifupa haikurudi, basi angalau sura irudi. Akaagiza kutoka ng'ambo mijusi sita wa chuma, sponji na mpira, wenye mota tumboni. Ukipita mbele ya jicho la umeme, mjusi anageuza shingo na kunguruma. Yule mkubwa, mwenye shingo ndefu, aliwekwa mwisho wa njia, na kibao chake kilisema ana umri wa miaka milioni mia moja na hamsini.

Siku ya ufunguzi Asumini alikuwa na miaka sita. Baba yake alimsomea kile kibao, naye akaona hajawahi kukutana na mtu mzima kiasi kile. Akasogea, akakutanisha viganja, akasema, "Shikamoo, bibi."

Mjusi akamngurumia.

Mtoto alilia mpaka kwikwi. Watu wakadhani ameogopa, wakamletea barafu ya ubuyu, akaikataa. Hakuwa ameogopa hata kidogo. "Nimemwamkia," akamwambia baba yake, "yeye kanigombeza."

Maneno yale yalimkaa Mzee Nampoto rohoni. Kumbe ametumia akiba yake yote kuwaletea watoto wa Lindi bibi asiyeitikia salamu! Kesho yake asubuhi aliwaita wale watatu, akawasimamisha mbele ya mjusi, akawapa kazi ya neno moja: aitikie.

Nandonde alianza na shingo. Ile ya kiwandani iliruka juu kama inayotaka ugomvi, na mtu mzima haitikii salamu kwa kuruka. Akaenda kushinda barazani kwa bibi yake, akamtazama anavyopokea salamu za watoto: kichwa kinashuka kidogo, kinatulia, kinarudi. Akaing'oa mota ya kiwandani, akafunga mota ya wipa ya lori, inayojua kwenda na kurudi bila pupa. Siku ya kuijaribu gia zilimkamata kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na hospitali hawakuweza kukirudisha. Alikaa nyumbani wiki tatu. Akarudi na bandeji yake, akamaliza, na mjusi akainama.

Bi Somoe yeye aliyatazama macho. Yalikuwa wazi muda wote, makavu. Akasema huyu anakodoa, na mtu anayekukodolea macho hajakupokea. Akajaribu kushona kope kwa mpira, mpira ukapasuka kila alipotia sindano. Palitakiwa ngozi laini, na ngozi laini pekee aliyokuwa nayo ilikuwa mkoba wa ngozi ya mbuzi aliouleta marehemu mumewe kutoka Unguja, safari yake ya mwisho. Aliupakata kutwa nzima. Jioni akachukua mkasi. Zikatoka kope mbili, na kipande cha pembeni mwa mdomo ambacho shingo ikishuka kinavutika kidogo, ukasema bibi anatabasamu.

Mwalimu Mfaume alifungiwa kwenye kibanda cha tiketi na kinasa sauti. Alisema marahaba zaidi ya mara arobaini, akazikataa zote. Hii ya mtu mwenye haraka, hii ya mtu mwenye njaa, hii ya mtu anayejisikia. Mwishowe akaomba wanafunzi wake waje wamwamkie kwelikweli, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mtukutu mmoja aliyetolewa darasani juzi yake, akaja anatazama vidole vya miguu yake, akasema shikamoo kwa sauti ndogo. Mwalimu akaitikia, "Marahabaa," ile ya mtu aliyekwisha samehe. Hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye koo la bati la mjusi. Kwamba bibi alikuwa na sauti ya kiume, hakuna aliyelalamika. Mkifika umri ule mtaniambia na ninyi mna sauti gani.

Asumini akarudishwa, akiwa bado amenuna. "Shikamoo, bibi." Shingo ikashuka, kope zikafumba na kufumbua, na kutoka ndani kabisa ikaja ile marahabaa. Mtoto akageuka kuwatazama watu wote waliokuwa pale, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha wamesikia.

Basi ndiyo ikawa bustani yetu. Jicho la umeme halikujua nani kasalimu na nani hakusalimu, kwa hiyo mjusi aliwaitikia wote, na hapo palikuwa na raha yake. Mtu mzima anapita na miwani yake ya jua, hana habari, anasikia marahabaa juu ya kichwa chake. Nimewaona watu na suti zao wakirudi nyuma hatua tatu kusema shikamoo kwa aibu. Siku za Idi foleni ilifika mpaka kwenye pembea, na harufu ya korosho za kukaanga ilitufuata njia nzima. Waliofaulu kwenda shule za bweni walikuja kumuaga. Maharusi walikuja na shela zao. Siku zile tulidhani kila mji una mjusi wake, na ulikuwa ujinga mtamu.

Ilikwenda hivyo miaka ishirini na mitatu. Mpira ukaliwa na jua, mijusi wadogo wakazimika mmoja mmoja, watoto wakapata simu. Mzee Nampoto akafariki. Mwenye kiwanja akataka kiwanja chake ajenge maghala ya korosho, akatoa mpaka Alhamisi. Mjusi mkubwa alikuwa amebaki kichwa na kipande cha shingo juu ya kigoda cha chuma, lakini ukiunga betri, bado anaitikia.

Na Mzee Nampoto alikuwa ameacha wasia. Asumini aliusikia kwa masikio yake, siku mbili kabla ya msiba. "Kichwa apewe aliyemfanya aitikie." Hakusema waliomfanya. Alisema aliyemfanya, akaomba maji, akalala. Asumini hakumwuliza ni nani, maana wakati ule aliona ni jambo dogo.

Alhamisi mchana wale watatu walikuja, wote na mvi zao, wakakaa benchi moja. Hawakugombana, na hilo ndilo lililomuumiza Asumini zaidi.

Nandonde alisema yeye hadai kidole. Ila kila Ijumaa kwa miaka yote hiyo amemtia grisi, na shingo ile haijui mkono mwingine. Kwa mtu mwingine ataitikia mwaka mmoja, miwili, kisha atanyamaza. Bi Somoe alisema nyumba yake iliungua mwaka juzi, picha za mumewe zikaenda zote, na kitu pekee alichokishika marehemu ambacho bado kipo duniani ni zile kope. Mwalimu Mfaume hakusema kitu. Alifanyiwa upasuaji wa koo miaka minne iliyopita na sauti yake haikurudi. Aliandika kwenye daftari lake, akamgeuzia Asumini asome: *Wajukuu zangu hawajawahi kunisikia.*

Asumini alitafuta mlango wa kutokea. Aliuliza kama watapokezana, Nandonde akatikisa kichwa: nyaya zimezeeka, atahamishwa mara moja tu, na pale atakapowekwa ndipo atakapofia. Aliuliza kama kope zinaweza kutolewa, Bi Somoe mwenyewe akakataa, hawezi kumwacha bibi akikodoa. Sauti walijaribu kuinasa kwa simu, ikatoka kama chura ndani ya ndoo, kwa sababu nusu ya sauti ile ilikuwa ya lile koo la bati. Hapo Mwalimu akaandika tena, polepole, akampa daftari.

*Na wewe je, mwanangu? Bila shikamoo yako angeitikia nini?*

Asumini alisoma mara mbili. Alikuwa hajawahi kuliwaza hilo, na mara tu alipoliwaza alijikuta anakitaka kile kichwa kuliko kitu chochote. Aliona haya. Akasema anaomba dakika moja, akaingia peke yake kwenye njia ya mikorosho.

Lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshafika getini, injini inawaka. Kitakachobaki pale saa kumi lingekibeba. Asumini akasimama pale aliposimama akiwa na miaka sita, machozi yanamtoka, na kwa mazoea tu, bila kukusudia, akakutanisha viganja.

"Shikamoo, bibi."

Shingo ikashuka. Kope zikafumba na kufumbua. "Marahabaa," ikaja sauti ya mwalimu wake, ya mtu aliyekwisha samehe.

Alijifuta uso kwa mtandio, akarudi benchini. Wazee watatu wakainua vichwa kumtazama, na dereva wa lori akapiga honi.

Mimi nanyamaza hapa. Wapo wanaosema apewe Nandonde, asiye na kidole, maana asiyeinama hajaitikia. Wapo wanaosema Bi Somoe, wapo wanaosema Mwalimu, na mke wangu mwaka wa tisa huu ananiambia ni Asumini, wala hataki kunisikiliza. Haya, mmeshamaliza kutafuna. Wewe uliyekaa hapo mbele, ungekuwa ndiye Asumini, benchi lile linakutazama na lori linanguruma, ungetaja jina la nani?