Mayai Meupe Mlangoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na milango ya kufunga na mafiga jikoni, palikuwa na kijiji ambacho watoto walikuwa wakipungua.

Jumbe wa kijiji hicho alikuwa Chui. Yeye ndiye aliyeweka sheria: "Sisimizi wakitoka mlangoni pa mtu wamebeba mayai, mizimu imemchagua. Atoe mtoto mmoja ili mvua inyeshe." Mvua isiponyesha, Chui husema mtoto alikuwa mdogo mno.

Kumpeleka mtoto ilikuwa kazi ya Nyati, askari wa Jumbe. Alimbeba mpaka kwenye pango la mizimu, akamwacha mlangoni, akarudi bila kugeuka nyuma. Kuingia ndani aliruhusiwa Chui peke yake.

Mwezi ule zamu ilimwangukia Bi Paa. Aliamka akakuta sisimizi wamejaa mlangoni, kila mmoja na yai jeupe kinywani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu. Hata uji haujapoa, Nyati alikuwa amekwisha kuja.

Tunu alikuwa akisoma kwa Mwalimu Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza na mbio za ajabu. Pyuu! Umemwona, humwoni. Kesho yake Mwalimu aliita majina ya wanafunzi. Alipofika kwa Tunu, akapitiliza.

"Mwalimu, umemruka Tunu," akasema Pimbi.

"Nimemruka."

"Mwalimu, sisimizi wanajuaje nani atoe mtoto?"

"Shii!" akaruka Kindi. "Mambo ya mizimu hayaulizwi! Jumbe alisema!"

Mwalimu Sange aliutazama mlango, kisha akawatazama watoto. Walikuwa tisa. Mwaka jana walikuwa kumi na wanne.

"Sijui," akasema. Hawakuwahi kumsikia akisema hivyo. "Lakini tunaweza kuwauliza sisimizi wenyewe."

"Kwani wanasema?"

"Hawasemi, wanatenda. Sisi tutatazama."

Wakaleta vigae vinne vikubwa vya mitungi iliyovunjika. Katika kila kigae wakatia udongo, sisimizi na mayai yao. Wakangoja siku mbili mpaka sisimizi wachimbe vyumba vyao na kutulia.

"Haya," akasema Mwalimu. "Nini kinawafanya watoe mayai? Kila mtu akisie."

"Ngoma!" akasema Kindi. "Nyati hupiga ngoma ya baraza."

"Njaa," akasema Nungunungu. "Wananusa chakula."

Pimbi alifikiri sana. "Maji," akasema. "Hata mimi shimo letu likiingia maji, mama hunibeba mimi kwanza."

"Tutajaribu yote, ila kimoja kimoja. Tukichanganya hatutajua kipi kimefanya kazi. Na kigae cha nne hakiguswi kabisa."

"Kwa nini hakiguswi?"

"Ili tujue sisimizi wakiachwa wenyewe wanafanya nini."

Wakapiga ngoma kando ya kigae cha kwanza. Du! Du! Du! Sisimizi wachache walichungulia, wakarudi ndani. Hakuna yai. Kwenye cha pili wakadondosha asali. Sisimizi wakatoka mbio, wakala. Hakuna yai. Kwenye cha tatu Pimbi akamimina maji polepole. Chururu...

Darasa zima likainamia kigae.

Kwanza akatoka mmoja, kisha kumi, kisha wote, wakikanyagana, na kila mmoja na yai jeupe kinywani.

"Lo!" Kindi akarudi nyuma. "Kama kwa Bi Paa!"

"Huenda ni bahati tu," akasema Mwalimu, ingawa pua yake ilikuwa ikitetemeka. "Rudieni."

Wakarudia kesho yake, na siku iliyofuata, kwa sisimizi wengine. Kila maji yalipoingia, mayai yalitoka. Kigae kisichoguswa kilikaa kimya siku zote.

"Siku ile ya Tunu mvua ilinyesha?" akauliza Mwalimu.

"Haikunyesha. Ni kiangazi."

"Basi maji yalitoka wapi?"

Nungunungu akaanza kulia.

Jioni Mwalimu alikwenda kwa Bi Paa. Alimkuta ameketi kizingitini, hajapika tangu siku ile.

"Bi Paa, nisamehe kwa kukuuliza. Asubuhi ile mlangoni palikuwaje?"

"Palikuwa na tope. Nililikanyaga. Nikadhani umande."

"Umande wa kiangazi, Bi Paa?"

Bi Paa aliutazama ule udongo mkavu mbele yake. Akafumba macho. "Mwalimu," akasema, "nenda. Fanya unalotaka kufanya, lakini usiniambie."

Siku ya baraza ikafika. Adhuhuri Chui alikuwa amelala chali mlangoni pake, khoroo! khoroo! Mkewe alikuwa kisimani. Sange akaja na maji ndani ya gamba la konokono. Pyuu! Akamimina kwenye tundu la sisimizi kando ya mlango wa Jumbe. Pyuu! Akaenda kuteka mengine. Safari arobaini, huku makucha ya Chui yakiwa umbali wa mkono mmoja. Hakuchukua mwanafunzi hata mmoja. Kama ni kufa, afe peke yake.

Mara ngoma ikalia, wanyama wakakusanyika uani kwa Jumbe. Chui akasimama, akakohoa. "Ndugu zangu, mizimu bado ina kiu..."

"Jumbe!" Sauti nyembamba ya Sange ikapenya. "Sisimizi! Mlangoni pako!"

Wote wakageuka. Walikuwa wakitiririka kizingitini, weupe kwa mayai.

Kisha Nyati akapiga kwato chini. Yeye alikuwa na akili ya sheria, hakuwa na nyingine. "Sheria ni sheria, Jumbe," akasema. Akaingia ndani, akatoka na mtoto wa Chui, bado ananyonya, analia nyau, nyau.

Sange akawaza: Je, Chui akinyamaza? Huyu mtoto atakufa, na aliyemuua nitakuwa mimi.

Nyati akapiga hatua moja. Ya pili. Ya tatu.

"Mwache!" Chui akanguruma. "Ni uongo! Hakuna mizimu hapo! Kuna mtu amemwaga maji kwenye tundu!"

Sange akajitokeza katikati ya uwanja. "Maji, Jumbe? Maji na mizimu vinahusiana nini? Wewe ulijuaje?"

Chui akarudi nyuma hatua moja.

"Palikuwa na tope," akasema Bi Paa kutoka nyuma.

"Hata kwangu," akasema Nguruwe.

"Hata kwangu!"

Nyati alimweka yule mtoto chini, taratibu sana, miguuni pa mama yake. Kisha akainamisha pembe. Chui hakungoja. Akaruka ua, pembe ikamchana ubavu, akatokomea porini akivuja damu. Hakurudi tena. Ndiyo maana mpaka leo chui huishi peke yake.

Hakuna aliyeshangilia. Waliingia pangoni, wakatoka na mifupa midogo katika vikapu. Hakuna mama aliyeweza kusema upi ni wa nani, wakaizika pamoja.

Bi Paa akamwendea Nyati.

"Wewe ndiye uliyembeba. Alilia?"

Nyati, mnyama mkubwa vile, akashindwa kuinua kichwa.

"Alilia njia nzima, Bi Paa. Aliniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia, hayaulizwi."

Wanangu, anayekukataza kuuliza ana jambo analolificha.