Kabati la Daktari Lugome

Serikali ilimlipa Daktari Lugome atafute dawa ya viwavi wa mahindi, kwa sharti kwamba matokeo yasomwe na kila mtu. Aliipata, akaandika ripoti, akaifungia kabatini. Viwavi wakaendelea kula.

"Iko wazi kwa wote," alimwambia Nyamizi, mkulima aliyeifuata. "Ila ufunguo ni wangu."

"Sawa, Daktari. Sasa nikawaambie nini wale wanaosema kabatini mna magazeti ya kufungia vitumbua?"

"Magazeti!"

Daktari alibeba ripoti mpaka sokoni, akapanda juu ya meza ya nyanya, akaisoma yote kwa kipaza sauti. Wakulima waliandika dawa yenyewe: majivu na maji, kwa vipimo vyake.

"Haya, nani alisema magazeti?"

"Mimi peke yangu," alijibu Nyamizi. "Hebu rudia kipimo cha majivu, Daktari. Hapo nilikuwa nakucheka."