Kompyuta Iliyogoma Katika Chumba cha Upasuaji

Jamani, someni hii kabla hamjabonyeza kitu chochote leo, kisha mtumie yule ndugu yenu asiyesoma anachokibonyeza.

Lubango, fundi wa kuezeka, alianguka kutoka juu ya paa. Hospitali ya jirani ikampiga picha za kichwa, ikampa mkewe diski, ikamkimbiza kwa Daktari Rwegoshora ili apasuliwe. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu.

Diski haikufunguka. Chumba cha upasuaji cha daktari kilikuwa na kompyuta mbili, na hata moja haikuwa na programu ya kuonyesha picha hizo.

"Daktari, fanya haraka!" alilia Nyamizi, mke wa Lubango, akichungulia kompyuta nyuma yake. "Ananiita kwa jina la mama yake, na mama yake alishakufa!"

Daktari akashusha programu ya kwanza aliyoiona mtandaoni. Akaijaribu kwenye kompyuta kuukuu, yenye ule mfumo wa kuendesha kompyuta wa bure ambao wengi tunaukimbia. Ikagoma: *Programu hii haijulikani ilikotoka. Chagua nyingine kwenye ghala langu la programu.*

"Mtu anakufa, wewe unaniletea maringo!" daktari akaifokea.

Akahamia kompyuta mpya. Nayo ilimwonya, lakini nani asome? Endelea. Endelea. Ndiyo. Maliza. Raha tupu!

Kioo kikageuka chekundu: *Faili zenu zote zimefungwa. Lipeni tuzifungue.*

Kitandani, Lubango alikuwa ameacha kuita mtu yeyote.

"Tutapasua bila picha," akamwambia muuguzi, Sista Edda. "Upande wa kulia, ndiko alikoangukia. Mnyoe."

Edda akaanza kunyoa. Nyamizi akapiga magoti mlangoni.

"Usikisie kwenye kichwa cha mume wangu, daktari! Ile kompyuta nyingine imesema uchague kwenye ghala lake. Si uchague basi!"

Daktari akachomoa diski. Ilikuwa ya kusomwa tu, haiandikiki, kwa hiyo haikudhurika. Kwenye kompyuta kuukuu akafungua ghala, akachagua programu, akaulizwa nywila, akaiandika. Programu ikaingia hata kabla Edda hajamaliza kufuta mapovu.

Akaingiza diski, picha ikafunguka. Kulia kulikuwa safi kabisa. Damu yote ilikuwa imejaa kushoto.

Daktari akashika ukuta. "Mungu wangu, nilikuwa namuua huyu. Edda, nyoa na huku."

Lubango yu hai. Anataka kurudi kuezeka, lakini Nyamizi hamruhusu hata kupanda kiti.

Funzo: Anayekuzuia ukiwa na haraka huenda ndiye anayekulinda; uliza kitu kimetoka wapi kabla hujakiingiza ndani.