Pimbi na Kelele za Salama

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanalima mpunga, Jumbe Nyati alitawala bonde lenye mto mkorofi. Mvua inanyesha mlimani, bondeni jua linawaka, mara gharika hiyo!

Kwa hiyo aliweka walinzi vilimani. Kongoni wa juu kabisa akiona maji yamepanda, anapiga ukelele. Nyani wa kilima cha kati anaupokea, anampigia Pimbi wa kilima cha mwisho, naye Pimbi analitangazia bonde. Wana watatu wa Pimbi walikuwa wakipalilia mpunga kando ya mto huo huo.

Ila Jumbe, ukubwa wote ule, alikuwa mwoga. Alitaka aambiwe kila mara kwamba hakuna kitu.

"Salaamaaa!" anaita Kongoni. "Salaamaaa!" Nyani. "Salaamaaa!" Pimbi. Kutwa nzima!

Siku moja Nyani akafungua kinywa. "Khhh! Khhh!" Sauti imekwisha.

Pimbi akaingiwa na hofu, akawaza: "Maji yakija leo, wanangu ndio basi tena!" Akateremka mbio hadi kwa Jumbe.

"Shikamoo Mzee. Koo zimetukauka. Tupumzishe."

"Thubutu! Nisiposikia salama, ugali haushuki. Toka!"

Pimbi akatoka, lakini hakukubali. Kesho yake akarudi, uso umejaa huruma.

"Mzee, nimetoka kwa Jumbe Kifaru, ng'ambo ya mlima. Anakucheka."

"Ananicheka nini?"

"Eti jumbe wa kupigiwa salama kila saa ni jumbe mdogo, nchi yake haijatulia. Kwake yeye, kimya! Nimekutetea mpaka nimechoka."

"Mdogo, mimi? Mpfuuu! Kuanzia leo, atakayepiga kelele na maji hayajaja nitamkanyaga!"

Walinzi wakanyamaza, wakaramba asali kulainisha koo. Ngiri, jirani yake Nyani, akakubali wapokezane zamu kwenye kilima cha kati: leo huyu, kesho yule.

Siku ya nne, mchana kweupe, Kongoni akapasua anga: "Majiiii!"

"Majiiii!" Ngiri akapokea papo hapo.

Pimbi akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. "Majiiiii! Pandeni juu!"

Wanawe wakatupa majembe, wakakimbia. Jumbe nyuma yao, mkia juu. Vuuuu! Mto ukazoa mpunga wote, lakini hakufa hata mmoja.

Kilimani, Jumbe akahema. "Kesho naenda kwa Kifaru, nimweleze nchi yangu ilivyotulia."

"Usijisumbue, Mzee," alisema Pimbi, amewakumbatia wanawe. "Huyo Kifaru sijapata kumtia machoni."

"Ulinidanganya!"

"Nilikudanganya. Nilikuomba kwa adabu ukanifukuza. Hawa ningewapata wapi tena?"

Jumbe akaangalia maji yaliyofunika paa la nyumba yake. Akakaa chini taratibu.

"Basi," alisema, "endeleeni kunyamaza hivyo hivyo."

Nanyi wanangu, msimalize sauti kwa yasiyo na maana, mkaikosa siku ya hatari.